Rangi ya Injini ya Kahawa

Ganako, Karatu
4 Februari 2024

Shangazi Petronila,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni, Edna anasonga ugali ndani, na Penina ananivuta kalamu, kwa hiyo mstari ukipinda ujue ni mkono wa mjukuu wako. Amekuwa kasuku. Jumapili Padre alivyosema "Bwana awe nanyi", yeye alijibu kabla ya kanisa zima, watu wakageuka kutuangalia. Sisi wazima. Ngano ya jirani imeota vizuri, ya kwetu imechelewa. Vipi wewe huko Kiomboi? Miguu inakuacha ulale? Alizeti zimepata mvua?

Najua tangu masikio yako yazibe simu imekuwa mzigo, na ujumbe nikiutuma kwa jirani yako Inosenti, nyumba yake yote inausoma kabla haujakufikia. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Barua nitampa kondakta wa basi la Singida.

Sasa jambo lenyewe. Unamkumbuka Joshua, aliyekuwa dereva wa watalii? Ana loji yake sasa, njia ya kwenda lango la Ngorongoro. Amenunua chuma chakavu kutoka shamba la kahawa ulikokuwa ukiishi na mjomba, na katikati ya chuma hicho kuna ile injini. Ile ya silinda moja, yenye magurudumu mawili mazito ubavuni, iliyokuwa ikizungusha mashine ya kumenya kahawa. Ile ya marehemu mjomba Dominic. Ameniletea mimi niifufue.

Kunguruma imeshanguruma, shangazi. Siku ilipowaka niliita watu wa barabarani waje wasikie. Shida ni rangi. Joshua anataka rangi iliyotoka nayo kiwandani, si nyingine, kwa sababu mwezi wa sita atapokea kundi la wazee wa Ulaya wanaopenda injini za zamani, na hao, anasema, ukikosea rangi wanaona kabla hawajashuka kwenye gari. Akiridhika ana mashine nyingine za kunipa. Miaka yote hii nimekuwa mtu wa kupulizia rangi matrekta na kuziba mikwaruzo ya Land Cruiser. Hii ni kazi ya kwanza ya kuitwa yangu.

Sasa hivi imepakwa rangi ya fedha kwa brashi, na mtu asiye na haraka wala aibu. Wazee wa hapa nimewauliza: mmoja anasema ilikuwa ya kijani, mwingine buluu, wa tatu anaapa nyekundu. Baba angekuwepo ningemuuliza. Umebaki wewe peke yako uliyeiona kila siku. Ilikuwa rangi gani?

Mwanao,
Clemensi

*

Kiomboi
25 Februari 2024

Mwanangu Clemensi,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai, nadhani kondakta aliigeuza meza. Nashukuru kwa habari za Penina. Mtoto anayeongea ni mtoto mwenye afya, msimkataze hata kanisani. Miguu inauma jioni, asubuhi inanisamehe. Alizeti zimeota, panya nao wameota. Valeriani mwanangu alipita kutoka Dodoma akaniletea blanketi na akaondoka kesho yake, mna haraka sana ninyi vijana.

Kuhusu hiyo injini, sikujua kama bado ipo duniani. Nilidhani ilishayeyushwa.

Rangi ni rangi. Mpakie yoyote, wazungu hao watapiga picha na kwenda zao. Kama Joshua anang'ang'ania, mwambie atafute fundi mwingine, wewe una matrekta yako yanakulisha. Sioni sababu ya kuihangaikia.

Ila nataka unijibu jambo moja, usilisahau: unaikwangulia wapi?

Msalimie Edna. Mwambie nimempata mtu wa kuniletea ule mlenda mkavu, nitamtumia.

Shangazi yako,
Petronila

*

Ganako
20 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo sana. Mlenda umefika, Edna ameufungia kabatini nisiupate. Masika yameanza kwa nguvu, njia ya kushuka Endamarariek imekuwa utelezi mtupu, na bati la karakana yangu limetoboka mahali ambapo sikujua pana bati. Hatujambo lakini.

Umeniuliza nakwangulia wapi. Karakana inavuja na ina giza, na rangi haisomeki chini ya taa. Balbu inaitia kila rangi unjano. Kwa hiyo vipande vinavyobebeka nimevileta nyumbani: tangi la mafuta, kifuniko cha ubavuni, na mkono wa kuwashia. Nafanyia barazani, pale mwanga wa asubuhi unapoingia. Edna analalamika vumbi linafika mpaka kwenye vyombo, lakini anaelewa.

Nikuambie nilivyofanya, labda utacheka. Sikwangui ovyo. Nachukua msasa laini, nafungua kidirisha kidogo, nasugua polepole ili kila tabaka libaki na ukingo wake. Juu ni ile fedha. Chini yake nyekundu ya kutu, kama ya milango ya maghala. Chini ya nyekundu kuna buluu iliyopauka, na chini ya buluu ni kijivu, halafu chuma. Kijivu nadhani ni praima tu, ile ya kushikia rangi. Sasa je, buluu ndiyo yenyewe? Nikipaka tone la mafuta juu ya buluu inakuwa nzito, inataka kuwa kitu kingine, halafu ikikauka inarudi buluu tena. Na Joshua ametumiwa na hao wazee wa Ulaya picha ya injini ya aina hii hii, ni ya kijani. Nimepeleka kipande cha bati Arusha kwa watu wa kuchanganya rangi, wakanitengenezea buluu, ilivyokauka ikawa si ile. Nimefungua vidirisha vingine, kila sehemu inanipa jibu lake. Usingizi unanipaa, shangazi. Nikifumba macho naona matabaka.

Penina amekuwa fundi msaidizi. Ananikalia miguuni anaokota magamba ya rangi na kuyapanga. Jana nilimkuta anamumunya moja. Nilimtoa kidole mdomoni akalia, akasema, "Tamu, baba. Tamu." Tulicheka na Edna mpaka basi.

Hukunijibu. Ilikuwa rangi gani?

Clemensi

*

Kiomboi
30 Machi 2024, Jumamosi Kuu

Clemensi,

Leo sikuandikii habari za alizeti.

Acha kukwangua. Acha leo. Vitoe hivyo vyuma barazani, uvipeleke mbali na nyumba, na Edna afagie kwa maji, si kwa ufagio mkavu. Mtoto asiguse tena hayo magamba, asimumunye, asiyapange. Mpelekeni hospitali akaangaliwe damu.

Barua inaweza kukawia, kwa hiyo nimemwambia Inosenti akupigie simu sasa hivi mbele yangu. Nimemwangalia mdomo akiongea na wewe. Alisema maneno machache mno kuliko niliyompa. Nimemuuliza umejibu nini, akaniandikia kwenye kiganja: "sawa".

Usiniulize kwa nini. Kuna mambo nikitaka kuyaandika mkono unakataa. Wewe nitii tu, kama ulivyokuwa ukinitii ukiwa mdogo.

Petronila

*

Ganako
21 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kukawia. Maji yalikata barabara, mabasi yakalala njiani, na barua yako ya Pasaka imenifikia wiki hii tu. Edna alipata kuku wa Pasaka kwa mama yake, tulikula tukakukumbuka.

Simu ya Inosenti niliipata kweli. Nilikuwa Buger, chini ya trekta, tope mpaka shingoni, naye anapiga kelele "shangazi anasema mtoto asikae kwenye rangi". Nikasema sawa. Basi nimeshahamisha kazi kutoka barazani. Usiwe na wasiwasi.

Penina hajambo. Tumbo linamsumbua kidogo, hapati choo vizuri, na chakula anakichagua. Tumempa dawa ya minyoo kutoka duka la dawa. Maneno yamepungua, Edna anasema ni meno ya nyuma yanatoka. Mimi naona nyumba imepumzika kidogo, alikuwa anatuchosha.

Ila shangazi, niruhusu niseme, na kama nakosea heshima unisamehe. Nimekuuliza rangi mara mbili. Wewe si mtu wa kusahau. Unakumbuka hata shati alilovaa baba siku ya kipaimara chake. Nahisi unaijua na hutaki kunipa, na sijui nimekukosea nini. Joshua anapita kila siku mbili kuuliza. Nimefika mahali nakwangua kila kona nikitafuta sehemu moja tu isiyosema uongo. Neno moja kutoka kwako lingenimalizia kazi yote.

Tafadhali.

Clemensi

*

Kiomboi
5 Mei 2024

Mwanangu,

Mungu akulinde wewe na nyumba yako. Nimetoka misani, nimekunywa chai, nimefunga mlango. Kama nisipoandika leo sitaandika tena.

Umesema umehamisha kazi. Hukusema umeihamishia wapi. Mimi nimeishi na fundi, najua mtu anavyojibu akiwa hataki kuacha.

Ulimsikia baba yako akisema kuwa mimi na mjomba wako tulijaliwa Valeriani peke yake. Baba yako alisema hivyo kwa sababu mimi nilimwomba aseme hivyo. Kabla ya Valeriani palikuwa na Hilary.

Kila mwaka kahawa ikiisha, mjomba wako alikuwa akikwangua ile injini na kuipaka upya rangi ile ile, maana maji ya kahawa yanakula rangi. Meneja alimpa ruhusa afanyie nyumbani, kwenye kambi ya wafanyakazi, uani kwetu. Hilary alikuwa na umri wa Penina. Aliokota magamba akayala. Na yeye alisema ni tamu. Clemensi, niliposoma neno hilo kwenye barua yako niliiweka chini, nikatoka nje, nikasimama kwenye alizeti sijui kwa muda gani.

Alianza tumbo. Akawa mweupe wa viganja. Akanyamaza, mtoto aliyekuwa akiimba. Tulisema minyoo, tulisema meno, tulisema malaria. Mama mmoja wa Mbulu jirani yetu alisema ni jicho la mtu. Mwisho ikawa degedege, moja baada ya nyingine, na mvua ilikuwa imefunga njia kama ilivyofunga kwenu. Alikufa mikononi mwa Dominic.

Miaka ikapita, nikarudi huku. Masikio yangu yalikuwa bado yanasikia. Siku moja nachambua dengu, redio iko dirishani, daktari anaeleza kuwa rangi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na kwamba mtoto akizila huona utamu. Akataja tumbo, akataja weupe, akataja kunyamaza. Dominic alikuwa nje anapiga nyundo mpini wa jembe. Nilizima redio. Hakuwahi kujua. Angejua asingeishi hata mwaka, na mimi sikutaka kuzika wawili kwa ajili ya injini moja. Alikwenda akijua ni degedege.

Hiyo ndiyo sababu sikukujibu. Nilifikiri nikikunyima rangi utachoka na kuiacha. Kumbe nimekufanya ukwangue zaidi. Basi chukua rangi yako, ili usiguse tena msasa.

Ni kijani. Ni kijani kizito, kama jani la mkahawa upande wa juu likiwa limelowa. Hiyo buluu unayoiona ndiyo yenyewe. Njano iliyochanganywa ndani yake hufa kwa jua, buluu ikabaki peke yake. Dominic aliilalamikia kila mwaka. Kama huniamini, usikwangue. Fungua skrubu za kile kibao cha shaba chenye namba. Chini yake jua halijawahi kufika.

Na mpeleke mtoto hospitali. Si duka la dawa. Hospitali, akapimwe damu, useme neno "risasi" mpaka wakusikie. Unaweza kuwapa barua hii waisome. Sioni haya tena.

Petronila

*

Kiomboi
9 Juni 2024

Clemensi mwanangu,

Nakusalimu tu. Sijapata jibu. Inosenti anapiga simu yako kila jioni mbele yangu na kutikisa kichwa. Ya Edna vilevile. Kondakta wa basi anasema bahasha ilitoka mkononi mwake Karatu, kwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni.

Nikilala nahesabu kilomita. Nimefungasha nguo halafu nikazifungua, maana sijui nije kufanya nini.

Andika hata mstari mmoja. Hata kama ni mbaya. Mimi ni mtu mzima, nimeshapokea mabaya.

Shangazi

*

Arusha
12 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Yuko hai. Naanza na hilo, mengine utayasoma ukiwa umekaa.

Nakuandikia kwenye benchi la wodi ya watoto. Edna amelala kidogo amejiegemeza ukutani. Simu zetu zote mbili zilizima, chaja tuliisahau nyumbani, na nilivyopata ya kuazima niliziacha zimezimwa, sikuwa na ujasiri wa kumwambia Inosenti maneno ya kukuandikia kiganjani.

Barua yako ilifika mimi nikiwa hapa hapa Arusha, kwa wachanganya rangi, nabishana nao kuhusu buluu. Edna ndiye aliyeipokea. Alifikiri ni ya mlenda, akaifungua. Alipofika kwa Hilary hakumaliza. Shangazi, ulisema kweli. Kazi nilikuwa nimeihamisha kutoka barazani mpaka nyuma ya jiko, hatua chache tu, na vumbi lilikuwa linaingia kwenye unga. Nilikuandikia "nimeshahamisha" nikaona nimekujibu.

Hakunipigia simu. Alimfunga mtoto mgongoni, akachukua magamba kwenye mfuko wa nailoni na barua yako, akapanda gari. Mimi nilirudi jioni nikakuta mlango umefungwa na moto wa jiko umemwagiwa maji. Jirani yetu Marsela akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kutazamwa nalo, akasema, "Mkeo amekwenda hospitali, Arusha. Amesema ukija usiguse kitu, uoge kwanza, uvae nguo nyingine, ndipo umfuate."

Nilimkuta asubuhi yake kwenye dirisha la mapokezi, amechoka, anagombana na muuguzi.

"Mama, umesema mtoto ana nini?"

"Risasi."

"Amepigwa risasi? Nani amempiga? Mmepitia polisi?"

"Hajapigwa! Ameila!"

Watu wote kwenye foleni wakasimama. Hapo ndipo nilipopata sauti, nikasema, "Ni madini, dada. Risasi kama ya kwenye betri. Ilikuwa kwenye rangi. Rangi nilikuwa naikwangua mimi." Nilisema mbele ya foleni nzima. Muuguzi akaacha kuandika, akaita daktari.

Daktari ni mama mmoja mpole, anaongea taratibu. Aliisoma barua yako yote amesimama. Alipoirudisha alikuwa anaishika kwa mikono miwili. Akasema, "Huyu shangazi yenu ametupunguzia kazi kubwa. Tungetafuta malaria kwanza." Damu ikatolewa, na kwa kuwa kipimo hicho hakipo huku ikapelekwa Dar es Salaam. Kabla majibu hayajarudi, Penina alipata degedege. Mara moja. Edna alitoka nje akakaa chini kwenye sakafu. Mimi nilimshika miguu, wakamshika wengine, na nilikuwa namwona Hilary nisiyewahi kumwona.

Ilipita. Haijarudi. Majibu yamekuja, risasi imo, nyingi. Ameanzishiwa dawa ya kuivuta itoke, ilibidi itafutwe mbali, na dawa ya kuongeza damu. Daktari hasemi atapona kabisa. Nikimuuliza anasema, "Tumpe muda, baba." Nikimuuliza tena anasema hivyo hivyo. Penina hasemi neno hata moja, shangazi, ananiangalia tu. Hata "baba" hasemi.

Sijui nikuombe nini. Nimesoma ulivyomficha mjomba, na usiku na mchana nawaza kama mimi ningetaka kufichwa.

Clemensi

*

Kiomboi
20 Juni 2024

Mwanangu,

Nimekaa kama ulivyoniambia, nikasoma. Halafu nikasimama nikasoma tena.

Hapana. Wewe usingetaka kufichwa, na usifichwe. Dominic hakuwa na la kufanya tena, wewe unalo. Ndiyo tofauti. Usikae hapo benchini ukijichapa, maana mtu anayejichapa hasikii daktari anavyoagiza dawa. Ulipoambiwa ukweli uliusema mbele ya watu. Mimi nilikaa nao miaka.

Valeriani nimemwandikia. Ana haki ya kujua kuwa alikuwa na kaka. Alipoisoma alipanda gari usiku huohuo kutoka Dodoma, akalia hapa jikoni kwangu, mtu mzima na ndevu zake. Tukaketi pamoja tukalitafuta kaburi la Hilary kwenye kumbukumbu, maana la udongo liko huko kwenye kahawa na sidhani kama linaonekana tena.

Nguo nimefungasha na safari hii sizifungui. Valeriani atanileta. Sitawasumbua, nitakuwa nafua. Nguo zako za kazi zisifuliwe pamoja na za mtoto, nakumbuka hilo nalo lilisemwa redioni.

Shangazi yako anakuja,
Petronila

*

Ganako
25 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mlifika salama na Valeriani hakuendesha kama anavyoendesha. Nyumba imekuwa tupu tangu uondoke. Edna bado anakuwekea kikombe, halafu anakirudisha. Baridi ya hapa unaijua, ukungu haujainuka mpaka mchana, lakini mahindi tumevuna.

Ule udongo wa nyuma ya jiko ambao wewe na Edna mliutaka utolewe, umetolewa wote na kufukiwa mbali kama alivyoelekeza bwana afya. Baraza tumeliosha tena. Karakana nimeipatia bati jipya, na nimeweka ndoo na sabuni mlangoni. Sikanyagi nyumbani na viatu vya kazi.

Nikuambie habari za injini, kwa kuwa ulipokuwa hapa hukuuliza na mimi sikuweza kuitaja mbele yako. Tukiwa hospitali, Joshua aliichukua akampa fundi mwingine wa mjini. Simlaumu, wageni walikuwa wanakuja. Yule fundi akaipaka kijani cha trekta, kile kikali kinachong'aa. Wageni wakaja, wakapiga picha, wakaondoka. Mashine zile nyingine nazo zimekwenda kwa huyo fundi.

Nilikwenda loji wiki mbili zilizopita. Nilimwambia Joshua, "Siyo hiyo." Akasema, "Unajuaje?" Nikamwomba bisibisi. Tukafungua skrubu za kibao cha shaba, zilikataa kwanza, halafu zikakubali. Pale chini palikuwa na mraba mdogo, kijani cha jani la mkahawa lililolowa, kama ulivyosema. Hakijafifia hata kidogo. Tulikiinamia wote wawili. Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi. Joshua akasema, "Kizuri kweli. Basi tukiache." Nikakirudisha kibao mahali pake. Injini inabaki na rangi ya uongo, shangazi, na kila nikipita barabara ile inanichoma, halafu naendelea na safari yangu.

Kutoka hapo nilimtafuta yule fundi. Nilijua ana watoto wawili na anafanyia kazi uani. Hakunipokea vizuri, alidhani nimekuja na kijicho. Nikakaa mpaka akanisikiliza. Nilipotaja Penina aliinuka akaenda kuwaita watoto wake waondoke kwenye vumbi, mmoja alikuwa amekalia tangi. Kesho yake aliwapeleka kupimwa. Mimi ndiye niliyemwandikia neno "madini" kwenye karatasi ili mapokezi wasimwitie polisi.

Sasa Penina. Unajua ulimwacha akiwa anakula vizuri na kucheka, lakini bila maneno. Miguu imepata nguvu, anakimbiza kuku. Usiku nilikuwa namsemesha pole pole, namtajia vitu, kuku, kijiko, bati, ananiangalia mdomo tu, kama wewe unavyotuangalia. Edna alikuwa amekoma kusema "atasema". Mimi pia. Kila mmoja wetu alikuwa anamlinda mwenzake.

Jana tulimpeleka kurudia kipimo. Daktari yule yule, akatoa sindano, muuguzi akamshika mkono. Penina akaiangalia sindano. Akamwangalia daktari. Akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, halafu akapiga kelele iliyosikika mpaka duka la dawa:

"SITAKI!"

Muuguzi akauachia mkono. Daktari akaweka sindano chini. Edna akaniangalia kuhakikisha kama nimesikia, nami nikamwangalia yeye.

"Umesema nini, mama?" daktari akamuuliza.

"Sitaki! Sitaki sindano! Twende!"

Daktari akacheka huku anajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akasema, "Haya, na mimi nimefurahi kukataliwa." Damu ilitolewa hivyo hivyo, na njia nzima ya kurudi nyumbani mwanangu alinikasirikia kwa maneno.

Clemensi